Baba Anamsikia Nekesa

Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi, na upepo wa Januari umetia vumbi hadi kwenye sufuria. Nina wivu. Afadhali niuandike hapa kuliko kuusema mezani.

Ninamwonea wivu dada yangu Nekesa kwa sababu Baba anamsikia.

Baba ni fundi wa masanduku ya bati hapa mtaani Rhonda, yale ambayo wanafunzi hubeba wakienda shule za bweni. Huyagongea juu ya kipande cha reli kutwa nzima, na mwezi huu wa kufungua shule hapumziki. Nekesa ana sauti nzito. Hata kwaya ya kanisa imemweka safu ya nyuma, pamoja na wenye sauti nzito. Yangu ni nyembamba. Nikizungumza, Baba humgeukia yeye: "Nekesa, mwenzako anasemaje?" Basi Nekesa hurudia. Wiki hii nilisema kichekesho mezani. Nekesa akakirudia, na Baba akacheka hadi machozi, akimtazama yeye.

Kichekesho kilikuwa changu.

Kwa miaka mingi nimeamini kwamba mimi ndiye asiyependwa sana. Kisha Alhamisi mwalimu wa bayolojia akatueleza kuwa ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele kubwa ikivipiga siku baada ya siku, hufa, na vikifa havioti tena. Mara nyingi vinavyotangulia ni vile vya sauti nyembamba. Akasema ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie, kelele imezidi. Niliacha kuandika, nikabaki namfikiria Baba.

Sasa niungame. Jioni ile nilimkaribia nikamwambia avae vifunika masikio. Akaitikia, "Eeh, sawa, sawa," nami nikajua hajasikia hata neno. Ningeweza kumwandikia. Ningeweza kumwambia Nekesa. Lakini nilitaka jambo hilo litoke kinywani mwangu, asije akashukuriwa yeye. Kwa hiyo nilinyamaza, na jana kutwa nzima Baba alipiga bati bila kinga.

Ni mimi niliyemwacha.

Leo mchana mimi na Nekesa tulimpelekea Baba chakula kwenye kibanda anakofanyia kazi. Nilimsalimu fundi mwenzake, naye akanicheka: "Wewe, unaongea kama mtu ameiba! Toa sauti!" Alikuwa anapiga kelele, na nafasi kati yetu haikuzidi mkono mmoja. Kumbe naye masikio yalikuwa yakienda, kama ya Baba. Nikamvuta Nekesa kando, nikamweleza yote.

Nekesa akamwambia Baba. Baba akacheka. "Masikio yangu yamezoea. Na nimeweka pamba."

Nekesa akanigeukia. Nikamwambia pamba haitoshi, na masikio hayajazoea, yanaharibika. Akarudia. Baba akauliza kama kuna dawa. Nekesa hakujua, akanigeukia tena. Nikasema hakuna ya kurudisha kilichokufa, ila kilichobaki kinaweza kulindwa: avae vifunika masikio vya mafundi, apumzike mbali na nyundo, na apimwe. Nekesa alikuwa bado anarudia hayo, lakini macho ya Baba yalikuwa yamehamia kwangu.

"Kumbe wewe hunong'oni?" akaniuliza.

Nilitikisa kichwa. Hilo halikuhitaji mtu wa kulirudia.

Akaketi juu ya sanduku ambalo halijapakwa rangi, na kwa muda mrefu hakuishika nyundo.

Jioni akaja na vifunika masikio, vyekundu, vikubwa kama nusu chungwa kila upande. Nekesa akasema anafanana na rubani. Jumatatu anakwenda hospitali kupimwa, na amesema anataka niende naye mimi; nitaomba ruhusa shuleni. Nekesa akauliza kwa nini asiende yeye, ambaye anasikika. Baba akasema, "Nafula ndiye ataelewa daktari akieleza."

Wivu wangu haujaisha. Vilivyokufa vimekufa, na hata kesho asubuhi nikimwambia chai iko tayari, huenda akamtazama Nekesa. Nitajifunza kusimama mbele yake kwenye mwanga, nizungumze polepole.

Nekesa naye hajaniongelesha tangu chakula cha jioni. Amelala akiwa ameangalia ukuta. Najua vizuri sana anachohisi, na naona haya kuandika kwamba nimefurahi kidogo.

Je, nimpe pole sasa hivi, au nimwache auonje wivu huu mpaka asubuhi?