Moyo wa Manila

Zuzu, Dodoma
Jumapili jioni

Kaka Gerson,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Jenifa na watoto. Huku tupo. Baridi imeingia na upepo unatuletea vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mama anakusalimu, bado ananifokea kama mtoto, eti nakula kidogo.

Umeuliza mbona siku hizi hunisomi gazetini, ukanitania kwamba labda nimepewa cheo ili ninyamaze. Hapana, kaka. Nimechoka. Hata hasira inataka nguvu.

Nguvu zilizobaki nimezimalizia kwenye karatasi. Unajua nilivyopiga kelele miaka yote kwamba kumkaririsha mtoto mchoro wa ubaoni si kumfundisha, ni kumfuga. Basi nikaacha kelele nikaanza kutengeneza. Kwa somo la biolojia nauchora moyo wa mtu kwenye kompyuta ya shule, programu inaukunjua kuwa vipande bapa, nachapisha kwenye karatasi ngumu ya manila. Wanafunzi wanakata, wanakunja, wanabandika. Mwishoni mtu anashika moyo mkononi, wenye vyumba vinne, na vali zake ni vilimi vya karatasi vinavyofunguka na kufunga.

Mwezi uliopita alikuja mkaguzi wa elimu kutoka wizarani Mtumba kuutazama, ili ukifaa usambazwe shule zote za wilaya. Aliupenda. Kisha akapuliza ndani, akaona vali moja ya kushoto haifungi, pumzi inarudi ilikotoka. Akasema nirekebishe kipande hicho tu, naye ataupitisha. Nikakataa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nikamwambia si kila moyo umeumbwa kwa ajili ya mtihani. Aliaga kwa adabu, akasema hawezi kuwapelekea watoto moyo mbovu.

Thomas wa hisabati, yule mtani wangu Mnyamwezi, aliuokota mezani akaitangazia ofisi nzima kwamba leo ndipo amewaelewa Wagogo: mioyo yetu haina milango, mgeni anaingia na kutoka apendavyo. Walimu wakaangua kicheko. Nami, ambaye humjibu kabla hajamaliza, nikainamia madaftari nikaendelea kusahihisha. Thomas akaacha kucheka. Wiki ile alikuwa ameniona nimeshika ukuta nikitoka darasani, nikamwambia ni kizunguzungu cha njaa.

Kesho yake niliukuta moyo mezani kwangu. Alikuwa amekata kilimi kipya akakibandika juu ya kile kifupi. Nikapuliza. Vali ikafunga. Nililia, kaka. Mimi.

Sikuwa nimekosea kuchora. Niliuchora kwa kufuata picha za hospitali, na picha hizo ni zangu. Daktari alitaka kunipasua tangu mavuno ya zabibu ya Makutupora ya mwezi wa tatu. Nikamwekea hoja, nikamtajia vitabu, nikamchosha, maana kubishana ndiyo namna yangu ya kuogopa. Nilitaka kuamini kwamba moyo wa namna ile unaweza kuachwa ulivyo, ukapita mikononi mwa watoto, na asitokee mtu wa kusema ni mbovu.

Mkaguzi nimempelekea moyo unaofunga. Daktari nimemwambia sawa. Nalazwa mwanzoni mwa Agosti.

Mama hajui. Njoo umwambie wewe. Mimi atanibishia, na safari hii sina nguvu za kumshinda.

Wape watoto salamu za shangazi yao, na wifi mwambie viazi vyake nilivipata.

Mdogo wako, mkaidi yule yule,
Antonia