Mkono wa Chuma na Kikopo cha Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Kwa mchumba wangu, mjukuu pekee anayenijibu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limestaafu bila kuniaga. Wewe je? Unakula, au unakunywa chai tu kama wakubwa wa ofisini?

Naandika kwa sababu simu na masikio yangu wamenuniana. Mjomba wako atakuletea barua ndani ya kikopo chake cha chakula. Ikinuka vitunguu, usinilaumu mimi.

Nasikia kiwanda kimekupa kazi ya kuchagua mkono wa chuma wa kunyanyua zile bodi za pampu, yale magamba yake mazito ya chuma, kazi aliyoifanya mjomba wako mpaka mgongo umepinda kama ndoana. Yaani nimekuchumbia miaka yote hii, leo unaletewa wachumba wa chuma ujichagulie! Haya. Lakini mjomba wako anakula kimya, na yule hajawahi kula kimya tangu aote meno. Niambie kweli: huo mkono unamfukuza kazi?

Babu yako, mume mwenza wa mashine


Jumanne, 4 Machi

Babu, shikamoo.

Mimi sijambo, ila chakula hakishuki. Goti lipake dawa, acha kulitania.

Mjomba hafukuzwi. Mkono utanyanyua bodi na kuishikilia hewani, yeye ataingia ubavuni akaze bolti za chini. Hapo ndipo ninapoogopa.

Imebaki mikono miwili. Mmoja nimeuita Mwembamba: mwepesi, una haraka, unabeba kwa vikombe vya mpira vinavyofyonza bodi kama mtoto anavyofyonza ziwa. Mwingine ni Mnene: unashika kwa vidole vya chuma, na kwa kuwa vidole vyenyewe ni vizito, mkono nao umebidi uwe mkubwa. Unakwenda polepole na unakula nafasi. Meneja anautaka Mwembamba. Jana wauzaji waliuleta tuujaribu, haukuangusha hata bodi moja, mafundi wakaupigia makofi.

Ijumaa natia sahihi. Nimerudia hesabu za uzito, na vile vikombe nimevihesabu pia. Sioni kosa, lakini tumbo langu linakataa. Babu, nikikosea, si mimi nitakayekuwa chini ya bodi.

Mjukuu wako


Jumatano, 5 Machi

Mchumba, marahaba.

Tumbo lako ulilirithi kwa bibi yako. Naye lilimkataza kuolewa na mimi, akalipuuza, na ona alivyofaidi.

Mjomba wako amefunguka. Kumbe ule ukimya ulikuwa uchovu tu! Siku ile kabla ya majaribio alikwenda kuziosha zile bodi. Unajua wao huzipaka mafuta zisishike kutu, ndiyo maana mwanangu hurudi nyumbani anang'aa kama kikaango. Basi akaziosha kwa sabuni, akazikausha kwa kitambaa, moja moja, kama maharusi. Nikamuuliza, "We mwehu, mashine ina pua?" Akanijibu, "Baba, mgeni hapewi kitu kichafu akishike."

Nimecheka mpaka goti likasahau kuuma. Cheka na wewe, ule.

Babu


Alhamisi, 6 Machi

Babu, shikamoo. Naandika nimesimama.

Hakuna aliyeniambia kwamba aliziosha. Hapa kila siku bodi huja na mafuta, nami nimeupitisha Mwembamba kwa bodi kavu! Mpira juu ya mafuta unaweza kuteleza.

Nimemwomba meneja tujaribu tena kesho kabla ya sahihi. Amesema namwaibisha mbele ya wauzaji, lakini amekubali. Nimekataza mtu yeyote asisogee karibu. Mjomba anasema atasimama mahali pake palepale, eti watu waone kwamba anamwamini mtoto wa dada yake. Nikimgombeza, anacheka, ananibana shavu mbele ya mafundi. Mzuie wewe, Babu. Tafadhali.

Mjukuu wako


Ijumaa, 7 Machi

Mchumba,

U mzima? Leo siulizi kwa mazoea.

Nilimgombeza mjomba wako jana, na asubuhi nikarudia. Nilimwambia akisimama pale nitaoa tena, nimzalie mdogo wake wa kugombania naye nyumba. Akacheka, akachukua kikopo chake, akaenda.

Saa yake ya kurudi imepita. Jirani yetu anayelinda lango la kiwanda amepita hapa akasema kuna kitu kiliangukia kitu huko ndani, kishindo kilifika mpaka getini. Kitu! Nikamuuliza kimemwangukia nani, akasema yeye kazi yake ni lango. Mtu mzima na ndevu zake ananiletea habari nusu.

Barua hii haina wa kuipeleka. Mpelekaji ndiye ninayemngoja.

Babu


Ijumaa, 7 Machi, jioni

Babu, shikamoo, na unisamehe. Mjomba nimemchelewesha mimi. Ukisoma hapa, yupo mbele yako, na najua umeshamtukana.

Tulizipaka bodi mafuta kama siku zote. Mwembamba ukanyanyua ya kwanza, ukanyanyua ya pili. Meneja akatazama saa yake. Ya tatu iliinama upande mmoja, vikombe vikalia fyuu, ikashuka.

Mjomba hakuwepo pale. Alisema baba yake amemtisha kwa ndoa, kwa hiyo ameleta mwakilishi: aliweka kikopo chake mahali anaposimama, yeye akaja kusimama kando yangu. Bodi ilikiangukia katikati.

Hakuna aliyepiga makofi. Meneja alikiokota mwenyewe, akakigeuzageuza, akaniuliza, "Huo mnene unataka nafasi kiasi gani?"

Nimetia sahihi ya Mnene.

Mjukuu wako


Jumatatu, 10 Machi

Mchumba, marahaba.

Mimi mzima, goti zima, ni roho tu inayochechemea.

Mjomba wako anataka kukitupa kile kikopo. Nimekataa. Kimekuwa bapa kama sahani, nami nimekiweka mezani mbele ya kiti chake. Akilalamika chumvi imezidi, nakisogeza kidogo tu, anakula kimya.

Barua hii inakuja mfukoni mwake, haina harufu ya vitunguu. Usizoee.

Na huyo Mnene akifika, mwambie wa kwanza kukuchumbia bado yupo. Ila mwambie pia huyu anayeingia chini ya bodi ni mtoto wangu. Ashike vizuri.

Babu yako, mume mwenza