Wimbi la Kwenye Pipa

Jumatatu, 6 Julai 1964

Nimefua ovaroli za mume wangu Othieno tena. Za leo mbaya kuliko za wiki jana. Nimezitia majini, maji yakageuka meupe kama maziwa, harufu ikanipanda mpaka kooni. Nimetapika kando ya karai. Majirani wakacheka, eti nina mimba. Sina mimba. Nina kinyaa.

Huko kazini kwake sisi twapaita Utafiti tu. Ndani wanapima damu ya ng'ombe na ya watu. Nje wanapulizia vichaka vya mtoni dawa ya kuua mbung'o, kisha kijana mmoja aliyesoma Kampala anaokota samaki waliokufa na kuwatia kwenye chupa. Othieno ndiye mpulizaji. Anarudi na dawa kwenye nywele, anataka kumbeba mtoto wetu Akoth. Nikamwambia oga kwanza. Akanuna. Anune.

Mama yake amefika kutoka kijijini Petta. Atakaa nasi kipindi chote cha mavuno. Kidhopadhola chao bado sikijui vizuri na Kisamia chetu yeye hakijui, kwa hiyo ni Kiswahili kutwa nzima, chake cha kuokoteza.

Alhamisi, 9 Julai

Othieno kaleta pipa. La chuma, zito, kalisukuma kutoka barabarani huku watoto wanamfuata kama harusi. Wafanyakazi wote wamepewa mapipa matupu. Rangi ya nje imekwanguliwa upande mmoja. Nimeuliza lilikuwa na nini. Kasema, "Mama Akoth, si pipa ni pipa?"

Nimeingiza kichwa ndani. Ni ile harufu ya ovaroli.

Mama mkwe amelisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa maji ya moto. Kalianika juani. Kanusa, kasema sasa ni safi kama sahani ya padri. Mimi nimenusa. Bado.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya kanisa wimbi letu lote limemiminwa ndani ya pipa. Mavuno yote ya shamba letu la Petta. Nilipalilia shamba lile na Akoth mgongoni, mvua ikitunyeshea sote wawili. Nilisema tutumie ghala la udongo kama siku zote. Mama akasema, "Ghala ya udongo nalisha panya. Wewe nataka kulisha panya?"

Othieno akacheka naye. Nimewashikia gunia wakimimina. Nimeichukia mikono yangu.

Jumatatu, 20 Julai

Wanawake wa kwota, nyumba hizi za wafanyakazi, wanakuja kuangalia pipa. Wimbi halina hata mdudu mmoja. Mama anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anachota, anawaonyesha. "Ona! Hata fukusi naogopa pipa ya serikali!" Wanapiga makofi. Mama Nekesa wa mlango wa pili kasema lake leo leo atalitia mahindi.

Nimefagia chini ya pipa. Mende wamelala chali, miguu juu. Mijusi pia, mmoja bado anatikisa mkia. Nimewazoa kwa kipande cha sufuria. Mama anasema ni baraka, nyumba yake ya Petta haijawahi kuwa bila mende. Mimi sioni baraka. Kitu kinachoua mende bila kuguswa kimelala na chakula chetu.

Nimemwambia Othieno. Akasema mende ni mende, mtu ni mtu.

Jumamosi, 1 Agosti

Maziwa yangu yamepungua. Nimechoka, nakula vibaya, chakula kinanikinaisha. Akoth sasa anakunywa uji wa wimbi asubuhi na jioni. Mama analisaga wimbi mwenyewe, anaupika mzito, anampenda mtoto kweli, hilo siwezi kulikana. Mimi nimerudi kwenye muhogo tu. Mama kasema Wasamia wana madeko.

Leo Akoth alipokuwa anakula mkono ulimruka. Kama mtu aliyeshtuliwa. Nikamwita, akanitazama, akacheka. Labda ni meno.

Jumatano, 5 Agosti

Akoth ameanguka.

Alikuwa mkekani. Macho yakapinduka, mwili ukakakamaa, ukaanza kutikisika. Povu mdomoni. Nilimshika na sikuweza kumzuia, mtoto mdogo hivi ana nguvu za mwanaume. Mama alipiga kelele, "Degedege!" akakimbilia kitunguu cha kumkandia.

Nilimgusa paji la uso. Baridi. Degedege ya malaria huwa na moto. Yeye alikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Dispensari wamempiga sindano ya malaria. Niliwaambia hana homa. Dresa mchoma sindano akasema, "Mama, wewe ndiye daktari?" Tumerudi. Jioni akapewa uji. Akaanguka tena.

Sijui kuandika vizuri leo. 

Ijumaa, 7 Agosti

Nimekataa uji. Nimesema Akoth hatagusa wimbi, atanyonya na kula ndizi ya kuponda, basi. Mama kasema namuua mjukuu wake kwa njaa. Nimemfungia Akoth kifuani na sikumshusha kutwa, hata chooni nimekwenda naye.

Jana mkono ulimruka. Leo kidogo. Hakuanguka.

Jioni nimemkalisha Othieno nje. Nimemuuliza mara moja tu: hayo mapipa yalitakiwa kuwa wapi?

Akatazama miguu yake. Kisha akasema. Amri ya kazi ni kwamba pipa likiisha hutobolewa kwa sururu kila upande, likatupwa shimoni, likafukiwa. Na mwenye sururu ni yeye. Wenzake wakamwomba asitoboe, kwa sababu pipa lenye matundu halifai kitu. Naye akataka lake. Aliona wakiosha kwa maji mara tatu itatosha. "Sisi wenyewe tunanawa tu, halafu tunakula, na hatufi."

 Mume wangu, baba wa mtoto wangu. Nilitaka kumtemea mate. Sikumtemea. Niliinuka nikaenda kukaa na Akoth.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimemwaga wimbi.

Nimechimba mwenyewe nyuma ya choo, mbali na kisima. Othieno akaja akachukua jembe mkononi mwangu bila kusema, akamalizia shimo. Tulichota kwa karai. Wimbi zuri, jekundu, limekauka vizuri. Kila karai nilisikia mgongo wangu ukiuma kama siku za palizi.

Mama alikaa chini akalia kama msibani. Watu wakajaa. Hapa mtu anayemwaga wimbi hana tofauti na anayezika mtu hai. Mmoja akasema nimerogwa. Mwingine akasema, "Kiburi! Huko Dabani kwao wanakula nini, dhahabu?" Nikawaambia wimbi lina dawa ya mbung'o. Wakaniangalia kama mwendawazimu. Wimbi lisilo na mdudu hata mmoja!

Nilipogeuka nikamwona Mama Nekesa amepiga magoti shimoni, anachota kwa kanga. Ana watoto wadogo watano, simlaumu. Nikamwita kwa upole. Hakusikia. Nikaona wengine wanakuja na vikapu.

Basi nikachukua ndoo, nikaifunga kamba, nikaishusha kwenye shimo la choo. Nikaivuta juu. Nikaimwaga juu ya wimbi. Nikashusha tena.

Inzi walijaa usoni mwangu. Kinyesi kilinirukia miguuni. Watu walirudi nyuma wakiziba pua, wakinitukana mimi na aliyenizaa. Mama Nekesa alikung'uta kanga yake, akalia. Nilikuwa natapika na kumwaga, natapika na kumwaga, mpaka hapakuwa na chembe moja ambayo mtu angeweza kuitamani. Halafu Othieno akafukia.

Jumapili, 9 Agosti

Mama amerudi Petta. Hakuniaga. Alimshika Akoth, akamwekea mdomo kwenye utosi, akakaa hivyo, kisha akamrudisha kwangu bila kunitazama. Kanisani benchi letu tulikaa peke yetu.

Othieno amelitoboa pipa. Nimesikia sururu ikigonga chuma asubuhi nzima. Amewaambia wenzake kilichompata Akoth. Wawili wametoboa ya kwao. Nimekwenda kwa Mama Nekesa kumwonya juu ya mahindi yake, hakufungua mlango. Nitarudi kesho. Kama hatafungua, nitarudi tena kesho kutwa.

Jumatatu, 24 Agosti

Kijana wa samaki wa Utafiti alikuja, akaandika mambo, akaomba msamaha kwa niaba ya wakubwa wake ambao hawakuja. Mama Nekesa amemwaga mahindi yake. Hasemi nami bado.

Chakula kimebaki kidogo. Nimekwenda Busia kutafuta muhogo, mwanamke mmoja wa upande wa Kenya kaniongezea viazi kwa sababu ya mtoto. Othieno anaoga mtoni kabla ya kufika nyumbani. Siongei naye sana. Nampikia.

Mchana huu Akoth amelala mkekani karibu na mlango. Nimekaa kando yake nikiangalia vidole vyake. Vimetulia. Nimeviangalia mpaka jua limehama kutoka miguuni kwake. Vimetulia. Nimemfunika kanga nikaenda kuwasha moto.