Fimbo Juu ya Mlango

Bunia, Nyakasanza, 4 Februari 2024

Yaya Gauthier, kaka yangu,

Salamu nyingi. Natumaini mgongo wako bado unayavumilia mashimo ya dhahabu. Huku tunapumua, Mama na magoti yake. Miaka kumi na moja hatujaandikiana, na naanza na habari mbaya. Binti yangu Tina alitutoka mwezi wa kumi na moja, akiwa na miaka mitatu. Uvimbe ulianzia machoni. Mwishoni alitutambua kwa harufu. Mimi aliniita "baba sabuni".

Munganga wa hospitali aliuliza jicho langu la kulia lilikwenda wapi. Nikamwambia, fimbo ya kaka yangu. Akasema huenda sivyo. Mwilini, alisema, kuna walinzi wanaozuia chembe za jicho zisizaane ovyo. Kila mtu hupewa wawili, mmoja wa baba, mmoja wa mama. Aliyezaliwa akiwa na mlinzi mmoja tu, siku huyo akiharibika, uvimbe unaota. Kama ndivyo nilivyozaliwa, kila mtoto wangu anaweza kurithi pengo hilo, nusu kwa nusu.

Tuna mtoto mchanga, Lionel, miezi miwili. Anatakiwa kupimwa Uganda. Mama anakataa: "Jicho yako ilitobolewa na fimbo. Damu yetu iko safi. Hamutapitisha mutoto kwa barabara ya risasi juu ya maneno ya munganga." Mke wangu Mireille anamsikiliza, nami naogopa ile njia. Karatasi zangu za hospitali ziliungua vitani.

Wakati ule wewe ulikuwa na miaka saba. Niambie tu: kabla ya fimbo, jicho langu lilikuwaje?

Mdogo wako,
Floribert

Bunia, 10 Aprili 2024

Yaya,

U mzima? Alliance, yule mama wa vitenge, anasema barua alikupa mkononi. Lionel ameanza kucheka. Namwangalia macho kwa tochi ya simu, wala sijui natafuta nini.

Mdogo wako,
Floribert

Mongbwalu, 19 Juni 2024

Mdogo wangu Floribert,

Pole, pole sana kwa Tina. Mimi ni mzima.

Barua zako nilizitia chini ya mfuko wa mchele bila kuzifungua. Nilidhani umeniandikia yale yale ya fimbo. Hata huku kuna mtu wa kwetu ananiita "Gauthier wa fimbo", wanacheka, nami nacheka nao. Jana mchele uliisha.

Sikiliza. Kabla ya fimbo, Mama alikuwa akikuogesha karibu na taa. Nikaona jicho lako linawaka jeupe ndani. Nikasema, "Mama, angalia, jicho ya mutoto iko inangaa sawa ya paka." Alinipiga kofi. "Usimuloge mudogo wako!" Sikusema tena. Fimbo ilikuja baadaye, nikifukuza mbuzi. Ilikugusa kwenye paji la uso. Mama alipoiweka juu ya mlango ili nisisahau, nikaamini ni mimi.

Mpeleke mtoto leo. Umsomee Mama barua hii.

Kaka yako mkubwa,
Gauthier

Bunia, 2 Septemba 2024

Yaya wangu,

Nakusalimu kwa majina yote ya nyumba hii. Tumerudi. Lionel yu hai. Jicho la kushoto wamelitoa. La kulia lina doa dogo, wanalichoma kwa mwanga, tutarudi tena na tena. Munganga wa kule alisema, "Mngefika mwezi wa pili, macho yangebaki yote mawili." Nakuandikia hili kwa sababu sitaki tufichane tena. Si lawama. Nami nilikuwa na miguu, ningeweza kwenda bila barua yako.

Mama nilimsomea mara mbili. Mara ya kwanza alisema sisomi vizuri.  Ya pili akapanda kiti na magoti yake yale, akaishusha fimbo. Alijaribu kuivunja, akashindwa. Akaisukuma nzima motoni, chini ya sufuria ya maharage.

Akapakua sahani zetu, akapakua na moja zaidi, akaiweka mahali pako, akaifunika. Kila jioni anafanya hivyo. Kila asubuhi Mireille anaikuta imefunikwa.

Mdogo wako,
Floribert