Dumu la Barazani

Jumamosi, 13 Januari

Sijamwambia mtu hili: namchunguza mama yangu. Nadhani anakunywa pombe kwa siri. Jasho linamtoka kwenye baridi hii, uso unasawijika, mikono inatetemeka – kisha baada ya dakika ishirini yuko sawa, anamenya viazi. Leo tena hakuingia sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke wa moto kila Jumamosi. Jumamosi ya tatu! Baba kaingia peke yake. Na barazani, nyuma ya zana za baba za kuvulia samaki kwenye barafu, kuna dumu la kahawia limefunikwa taulo.

Jumapili, 14 Januari

Dumu limeganda, limepasuka. Nikafunua taulo. Lebo ina jina la mama: mkojo wa saa ishirini na nne, wa kupimwa. Aibu yangu!

Baadaye nikamsikia mama akimweleza baba jikoni: maabara walimwambia aliweke kwenye baridi, naye hakutaka likae karibu na maziwa yetu.

“Mke wangu,” baba akasema, “huku kwetu Januari kitu kinawekwa kwenye friji kisigande.”

Wakacheka. Waliponiona wakabadili mazungumzo. Kwa nini?

Alhamisi, 25 Januari

Yametoka majibu ya dumu la pili, na ya picha alizopigwa hospitali. Mama kaniambia mwenyewe: ana uvimbe kwenye tezi ya adrenali, juu ya figo ya kulia. Unamwaga homoni za hofu hata kama hakuna cha kuogopa. Kwanza vidonge vya presha, wiki mbili au zaidi, ndipo upasuaji. Kumkata bila vidonge ni hatari. Mara nyingi si saratani, kasema.

Hakusema kwamba wakati mwingine hurithiwa. Hilo nimelisoma maktabani. Babu Toivo, baba yake, alianguka saunani akafa, akiwa na miaka arobaini na moja. Bibi husema ni moyo tu. Siamini tena.

Jumamosi, 27 Januari

Hili nalo sijamwambia mtu. Mimi pia. Darasani moyo unaenda mbio, kichwa kinagonga, mgongo unalowa. Hata sijaulizwa swali! Wote husema, Elsi ana haya. Nami nilidhani ni haya.

Asubuhi mama alikuwa mezani anajipima presha. Nikasimama mlangoni.

“Unanichunguza tena, mwanangu?”

Kumbe alijua.

Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kwenda mbio. Nikavuta kiti, nikakunja mkono wa sweta, nikamnyooshea. Akanitazama sana. Akavua kile kitambaa cha kipimo mkononi mwake, akanifunga mimi, akabonyeza kitufe.