Nyota niliyomusifia Laurence

Jado rafiki yangu, kwa maneno hakuna mutu wa kunishinda hapa Gisenyi. Ndivyo nilimwambia kaka Kwizera asubuhi, akanipa nikuwe musemaji kwenye posa yake.

Sasa hajibu hata salamu yangu. Wametukatalia, turudi siku ingine na musemaji mwenye akili.

Unajua posa: wazee wa upande wa binti wanatafuta kosa moja tu kwenye maneno yako. Mi nikasimama, nikasema Laurence, binti tuliyekuja kuposa, ni kama zile nyota kubwa kabisa, moja inawaka kupita jua mara milioni. Watu wakapiga makofi. Bon, nikavimba.

Muzee wao akauliza polepole, "Na hiyo nyota, kijana, inadumu?"

"Milele, muzee." Yewe, nilisema milele.

Mutu akakohoa nyuma ya mashangazi. Munyaneza, mwalimu wetu wa fizikia. Kumbe ni mujomba wa Laurence.

Akaniuliza, "Gisubizo, kwenye mutihani uliniandikia nini? Nyota ikizaliwa na gesi nyingi sana inaimaliza haraka, inakufa ingali changa. Mi mwenyewe nilikupa alama zote."