Mwikali Hayuko, Lakini Mtaro Wake Uko

Kathonzweni, Jumatano, Oktoba 1988

Vumbi tangu asubuhi. Mawingu yamejipanga upande wa milimani na hayasemi yanakuja au yanarudi. Mgongo unaniuma, Kioko anaota meno na hataki kuwekwa chini, na sufuria ya isyo iko motoni, kwa hivyo naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya debe la maji.

Nina hasira. Lakini leo ni hasira ya kufurahia.

Wacha nianze mwanzo nisije nikasahau vile ilikuwa. Dada yangu Mwikali ana miaka ishirini na miwili. Mama yetu alipofariki nilimchukua, tunaishi naye hapa kwangu. Haongei, au akiongea ni neno moja kwa wiki, na mara nyingi ni jina la kitu, si la mtu. Ukimwita hageuki. Ukimpakulia isyo anatenga mahindi kando na maharagwe kando ndipo anakula, na jirani yangu Syombua humtania, "Wewe ungepikiwa sufuria mbili, mwana wa mama."

Daktari mgeni wa hospitali ya misheni aliandika kwa kadi yake neno la Kiingereza, otizimu. Nikauliza dawa yake ni gani. Akasema huo si ugonjwa wa kutibiwa, ndivyo alivyoumbwa, tumsaidie ajitegemee. Nikarudi nyumbani na hilo neno badala ya vidonge. Mama mkwe huniuliza nitambeba mpaka lini. Mimi sijawahi kumbeba. Mwikali ana miguu kunishinda.

Na ana mikono. Kikundi chetu cha mwethya ni wanawake karibu thelathini, tunachimbiana matuta kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, ili mvua ikija udongo usiende nayo. Kila mtu anapimiwa kipande chake kwa fimbo. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu. Mwikali humaliza kabla mimi sijafika nusu, kisha anapigapiga ukingo kwa mgongo wa jembe mpaka unalainika kama ukuta uliopakwa. Tembea mashamba ya huku, vipande vyake utavijua bila kuuliza.

Shida ni kuitwa majina.

Mwaka jana watu walikuwa wanaitikiana. Mtu yuko sokoni, rafiki yake anabana pua na kuitika, "Niko!" Kwa hivyo mwenyekiti wetu, Mama Mumo, akaweka sheria: kila mtu aitike kwa mdomo wake mwenyewe, asiyeitika hayuko. Ilikuwa sheria nzuri. Hata mimi nilipiga makofi. Sikuona itaangukia nani.

Tangu tuanze kuchimba Agosti, kila asubuhi, Mama Mumo anasimama na orodha yake. "Mwikali!" Kimya. "Mwikali hayuko." Na Mwikali yuko pale, hatua tatu kutoka kwake, amekunja leso yake mara nne akaiweka juu ya jiwe, anangoja kupimiwa.

Hayuko. Anachimba siku nzima, na hayuko.

Pengine ningevumilia kama isingekuwa kitalu. Karibu na soko kunaanzishwa kitalu cha miche ya miti, na afisa anakuja Ijumaa kuandika wanawake sita wa kazi ya kudumu, kutoka kwa wale wa mwethya ambao hawajakosa siku hata moja. Kazi ni kujaza udongo kwa mifuko, kuipanga safu, kumwagilia asubuhi na jioni. Nilipoisikia nilikaa chini. Ilikuwa kama kuna mtu amemchungulia Mwikali miaka yote hii, halafu akaenda akamtengenezea kazi.

Sasa niungame. Kwa wiki tatu nimekuwa nikimfundisha kuitika. Namkalisha hapa jikoni, namwita, namwambia, "Niko! Sema niko!" Asiposema namnyima sukari kwa chai. Jumapili nilimshika mabega nikamtikisa. Alifunika masikio akaenda nyuma ya ghala, akaimba ule wimbo wake wa mmm, mmm, mpaka jua likaingia.

Nilimtikisa mtu mzima kama ninakung'uta mkeka.

Sitarudia. Nimeandika hapa nisije nikajidanganya kwamba sikufanya.

Leo zamu ilikuwa ya shamba la Mama Mumo mwenyewe, siku ya pili. Alipanda juu ya ukingo ambao Mwikali alichimba jana, mahali pazuri pa kusimama, pagumu, akaanza kuita. Akafika kwa Mwikali. Kimya. "Hayuko." Jina langu ndilo linafuata.

"Mama Kioko!"

Sikuwa nimepanga chochote. Mdomo ulijifunga wenyewe.

"Mama Kioko! Umemeza ulimi?"

"Siko," nikasema.

Wanawake wakacheka. "Na huyo anayejibu ni nani?" Mama Mumo akasema.

"Mama Mumo, umesimama juu ya kazi ya mtu ambaye hayuko. Kama yeye hayuko, na mimi siko. Andika."

"Unajua Ijumaa ni keshokutwa? Utapoteza nafasi yako kwa kiburi?"

"Andika tu."

Mimi pia naitaka hiyo kazi. Sijakosa siku hata moja, hata wiki ile Kioko alikuwa na homa nilichimba naye mgongoni. Na nilikuwa naitupa yote mbele ya watu, kabla hata sijanywa chai.

Mama Mumo akaita Syombua. Syombua alikuwa amebana ugoro puani. Akapiga chafya kubwa, akapangusa pua bila haraka. "Hiyo haikuwa kuitika, Mama Mumo, hiyo ni ugoro. Mimi pia siko."

Aliyefuata akanyamaza. Na mwingine. Si wote. Kuna mmoja tunayeimba naye kwaya, aliitika "Niko!" mbiombio bila kuniangalia. Simlaumu sana, ana watoto saba. Lakini iliniuma, na bado inaniuma.

Majina yalipoisha, karibu nusu yetu hatukuwako. Tukakaa chini kwa udongo. Mama Mumo akabaki amesimama kwa shamba lake mwenyewe, mvua iko njiani, majembe yamelala.

Ndipo tukasikia jembe moja.

Mwikali alikuwa amengoja kupimiwa mpaka akachoka. Akachukua fimbo, akajipimia, akaanza. Hakutuangalia. Saa ya kuchimba ilikuwa imefika, na kwake hayo ndiyo mambo yote.

"Ni nani huyo anachimba?" Mama Mumo akauliza.

"Ni upepo," Syombua akasema.

Hata Mama Mumo alicheka. Alijaribu kuzuia, kicheko kikamtoka. Kisha akatazama chini ya miguu yake, akateremka kutoka kwa ule ukingo polepole, kama mtu aliyepanda juu ya kitanda cha wageni.

"Wui, jamani. Mimi sina ubaya na huyu mtoto. Nilikuwa natafuta watu wa uongo."

"Si mtoto," nikasema.

"Haya. Si mtoto."

Akakunja orodha. Akasema kuanzia leo haiti majina. Jioni atatembea na fimbo, mwenye mtaro alikuwako, asiye na mtaro ajue mwenyewe alikuwa wapi. Syombua akamwambia hiyo ingefaa kuwa sheria tangu mwanzo, na midomo yetu ingepumzika.

Saa sita, badala ya kula, Mama Mumo alinichukua tukapita mashamba yote tuliyochimba tangu Agosti. Nilikuwa tayari kubishana kipande kwa kipande. Haikuhitajika. Yeye ndiye alikuwa anaonyesha kwa fimbo: "Huu ni wake. Na huu. Na ule." Hakukosea hata mmoja, na kila mtaro akauandikia siku yake kwenye orodha. Alikuwa anavijua vipande vyake siku zote.

Hilo ndilo limenitia hasira upya. Walikuwa wanajua wote, na mimi nilikaa wiki tatu nikimnyima mtu sukari.

Tuliporudi wanawake walikuwa wamepanga mambo bila kuniuliza. Mwikali akiandikwa, Syombua atakwenda naye kitaluni siku za kwanza, kwa njia ile ile kila siku, kwa sababu ukimpitisha njia ya mkato anakaa chini. Mama Mumo atamwonyesha kazi kwa mikono, si kwa maneno mengi. Yule wa kwaya aliniletea kibuyu cha uji, akakiweka karibu nami, akaondoka. Niliunywa.

"Na mimi?" nikauliza. "Mimi nitafanya nini?"

"Wewe ukienda na yeye utamjibia kila kitu," Syombua akasema. "Kaa na kipande chako."

Nilitaka kumkasirikia. Lakini ni kweli. Nimezoea kusimama mbele yake kama mlango. Kumpisha atoke, hiyo ni kazi ambayo sijawahi kuifanya, na inaniogopesha kuliko Mama Mumo.

Kioko amenyamaza. Mwikali amekaa pale mlangoni, chai yake ina sukari vijiko viwili.

Amebaki afisa, na yeye hakuwa na sisi leo. Ijumaa atatoa mkono, Mwikali hataushika. Atamwita, Mwikali hatageuka. Atanigeukia mimi, atauliza, "Sasa huyu haongei, hii kazi ataifanyaje?" Mwezi uliopita ningemwambia ni yatima, tafadhali bwana, mhurumie.

Sitaomba huruma. Nitamuuliza mbele ya watu wote: bwana afisa, kwani hiyo miche yako inataka kuongeleshwa?